Mlio wa Nyuma ya Baiskeli

Nikisimulia jambo hili, watu hunitazama machoni kwanza, waone kama nimelewa. Sinywi pombe. Wengine huniuliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, nilikuwa mzima kama wewe unayenisikiliza sasa. Na wala sipendi hadithi za mizimu. Zikianza kusimuliwa nyumbani, mimi huenda kuosha vyombo. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa macho, na wapo watu waliosimama pale na kuona yaliyofuata.

Naishi Gisenyi, Rwanda, ng'ambo tu ya Goma. Kazi yangu ni ya ofisini, kukaa kwenye kiti mpaka mgongo unaniuma, na ndiyo maana Jumamosi hupanda baiskeli na kwenda milimani. Nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, kabla wazazi hawajarudi huku, kwa hiyo Kiswahili changu huwachekesha watu wa hapa. Wanasema naongea kama redio. Baiskeli yangu ni ile ya milima, yenye springi mbele na nyuma. Hiyo ya nyuma, shokapu, imefungwa chini ya kiti katikati ya fremu, na mkono wa chuma unaoshika gurudumu hupanda na kushuka kama goti. Unapita juu ya mawe, mwili hausikii kitu. Ni raha kweli.

Mpaka ianze kulia.

Umewahi kuendesha kitu kinacholia usijue kinalia wapi? Ni kama mbu chumbani. Unasahau mandhari, unasahau hata kupumua vizuri, masikio yote yako nyuma. Yangu ilianza siku ile nilipobadilisha njia, nikaacha barabara ya Kanama niliyoizoea na kupanda kuelekea Busasamana, kwenye mashamba ya viazi karibu na mpaka. Nyuma yangu kukawa na milio miwili. Mmoja mfupi, tak, tak. Mwingine mrefu, kriiii, kriiii, kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake.

Nikaipeleka kwa Fiston, fundi wa Mbugangari. Fiston alikulia Goma, anapenda kuongea, lakini akishika spana hunyamaza. Alianza na kiti, kwa sababu anasema mlio wa kiti hupenda kujifanya mlio wa shokapu. Akachomoa nguzo yake, akaifuta, akapaka grisi. Bado. Akakaza pedeli. Bado. Akakaza ekseli ya gurudumu la nyuma. Bado. Ndipo akatoa upepo wote kwenye shokapu, akaushika ule mkono wa nyuma na kuupandisha kwa kiganja, taratibu, amefumba macho.

"Dada, leta kidole yako hapa," akaniambia. "Unasikia?"

Nikaweka kidole pale shokapu inapofungwa kwenye fremu. Kweli, chuma kilicheza kidogo sana, kama jino linalotaka kung'oka. Ile bushi ya ndani, kipete kinachoshika bolti, ilikuwa imelika. Fiston akaweka mpya, na tak ikafa siku hiyohiyo. Akafungua na beringi zote za mkono wa nyuma, akaziosha, akazijaza grisi, akarudisha kila bolti mahali pake. Nilimwona kwa macho yangu, hakuruka hata moja.

Jumamosi iliyofuata nikapanda tena Busasamana. Kriiii.

Nikarudi nimekasirika. Fiston akapanda mwenyewe, akazunguka mtaa, akapanda kile kilima cha nyuma ya soko, akarudi anacheka. "Bon, iyi kinga, iyi baiskeli yako, haina shida tena. Inanyamaza kama kanisa siku ya kazi. Ni masikio yako njo iko na shida."

Masikio yangu? Nilikasirika zaidi. Lakini usiku ule kitandani nilikumbuka jambo. Mlio ule haukufuata miguu yangu. Mlio wa baiskeli hufuata pedeli, au hufuata mawe. Ule ulikuwa na mwendo wake.

Sasa sikiliza vizuri.

Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mjini. Ziwa halikuonekana. Nilimwacha mama anachemsha maji ya chai, akaniambia anachoniambia kila Jumamosi, kwamba hatagusa mkate mpaka nirudi. Nikapanda. Kadiri nilivyopanda ndivyo dunia ilivyozidi kuwa nyeupe. Migomba ilitokea ghafla kando ya njia na kupotea. Nilisikia watu wakisalimiana shambani lakini sikuwaona, na sauti zao zilikuja zimelainika, kama zimetoka chini ya blanketi. Nilihisi kama napanda kitandani badala ya mlima, sijui nikueleze vipi.

Kisha nyuma yangu, kriiii.

Nikafunga breki. Mlio nao ukanyamaza. Lakini haukunyamaza pamoja na mimi. Ulinyamaza baadaye kidogo, kama mtu aliyekuwa akitembea nyuma yako, ukasimama, naye akapiga hatua moja zaidi kabla ya kugundua.

Nikakanyaga tena, kriiii, nikasimama tena, na tena ukachelewa kunyamaza. Nikageuka. Ukungu tu.

Ningefanyaje? Wewe ungefanyaje? Mimi nilijiambia ni mwangwi. Nikajiambia upepo wa pale njiani unanichanganya masikio, nitafute mahali pasipo na upepo nikague chuma kimoja kimoja. Na mahali penyewe palikuwapo karibu, chini kidogo ya njia: kishimo kipana katikati ya mawe meusi, yale yaliyomwagwa na mlima wa moto zamani, kimezungukwa na nyasi ndefu. Nikashusha baiskeli humo. Kandokando ya kijia kulikuwa na ndege mdogo amelala ubavu. Nilimwona. Sikufikiri kitu, nikampita.

Humo chini palikuwa pametulia kupita kiasi. Hakuna jani lililotikisika. Nikaiegemeza baiskeli kwenye jiwe, nikapiga magoti, nikalaza sikio kwenye mkono wa nyuma na kukibonyeza kiti kwa kiganja. Juu, chini. Juu, chini. Shokapu ilipumua tu, fyuu, fyuu, kwa upole. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya. Baada ya majuma yote yale ya karaha, kile kimya kilikuwa kitamu kama maji. Nikabaki hapo, sikio kwenye chuma, magoti kwenye nyasi, sitaki kuinuka.

Kriiii.

Mikono yangu haikuwa imegusa kitu.

Ulitoka juu, njiani, ukashuka kwenye kijia kile kuja kwangu. Ukungu ukafunguka kidogo, akatokea mwanamume anasukuma chukudu. Kama hujawahi kuiona, ni chombo cha mbao tupu, magurudumu mawili, usukani kama pembe za ng'ombe; huku watu huitumia kubebea mizigo. Yake ilibeba magunia ya viazi. Alivaa koti la mvua lililochanika begani, na buti za mpira, moja ya kijani, moja nyeusi.

"Mwaramutse, dada," akasema.

"Mwaramutse, muzehe."

"We njo ulikuwa mbele yangu?"

Nikamtazama. "Ni wewe unayelia nyuma yangu kila Jumamosi?"

Akapiga gurudumu teke dogo. "Ni huyu. Iko mukavu, inalia tu. Unisamehe. Mlima inakuwa fupi kama kuko mugongo ya mutu mbele."

Niamini, nilicheka. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu haikuwa baiskeli yangu, haikuwa masikio yangu. Yote yale ya kukaza bolti, kumbe ni mbao za mtu! Akakaa kwenye nyasi, nami nikaacha kupiga magoti, nikakaa pia, mgongo kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa na joto kama la ukuta wa jikoni.

"Hapa hakuna upepo," akasema.

"Hakuna."

"Mutu anapumzika muzuri."

Nikaitikia kwa kichwa. Sijui tulikaa kiasi gani. Alizungumza juu ya viazi, juu ya mvua, juu ya njia ya kushuka Goma ilivyokuwa kabla moto wa mlima haujaifunika. Sauti yake ilitoka mara mbali, mara karibu. Nilimtazama usoni mara nyingi, na kila nilipoondoa macho sikuweza kukumbuka sura yake. Nilizikumbuka buti tu. Pumzi yangu ilikuwa fupi kana kwamba bado napanda, lakini miguu ilikuwa imekwenda zake, sikuihisi. Ukungu uliingia mle shimoni polepole kama maziwa yanayomiminwa bakulini. Nilifikiri, sitarudi ofisini kamwe. Nilifikiri, nitafumba macho kidogo tu. Hakukuwa na woga hata chembe. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

"Kuko mutu anakungojea?" akauliza.

"Mama," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Hali mkate mpaka nirudi."

Akainama, akazitazama buti zake. Kisha akasimama.

"Dada, simama."

"Kidogo tu, muzehe."

"Simama. Mi pia nilisemaka kidogo."

Nilimsikia. Nilielewa kila neno. Lakini mwili haukutaka, ulikuwa umeshafika nyumbani. Macho yangu yakafumba.

Ndipo akaisukuma ile chukudu. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kriiii mpaka kwenye meno, mpaka kwenye mifupa ya kichwa, mbao juu ya mbao, bila huruma. Akawa anaizungusha pale karibu yangu, anakwenda na kurudi, kriiii, kriiii, na usingizi wangu wote ule mtamu ukachanika. Nikajawa na hasira. Nakwambia ukweli, sikuinuka kwa kujiokoa. Niliinuka ili nikamwambie anyamaze. Nikashika jiwe, nikaanguka, nikatambaa kwa viwiko. Yeye akapanda kijia, nami nikapanda nyuma yake, namtukana, nauma nyasi, nafuata ule mlio kama mtu anayemfukuza mwizi. Kisha upepo ukanipiga usoni. Nikalala njiani na kutapika.

Mlio ulikuwa umekwisha.

Walionikuta ni akina mama waliokuwa wakiteremka na mabeseni ya karoti. Mmoja akaniinua kichwa, mwingine akaninywesha maji. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Yule muzehe wa chukudu yuko wapi?"

"Muzehe gani?" akauliza aliyenishika kichwa. "Hatujapitana na mutu."

"Mwenye koti lililochanika. Buti moja ya kijani, moja nyeusi."

Wakatazamana. Nyuma yao mwanamke mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na wenzake, akalishusha beseni lake chini taratibu mno. Ilionekana amezoea kusimama mbali. Wenzake walimwita Mama Sifa.

"Yewe," akasema. "Ya kijani iko mguu gani?"

Nikafikiri. "Wa kushoto."

Akakaa chini njiani, palepale, juu ya udongo.

Haya yafuatayo alinieleza baadaye, nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba yake, nimefunikwa kitenge, kichwa kinagonga. Mume wake, Baba Sifa, alishuka asubuhi moja ya ukungu na magunia ya viazi, akakutwa amekufa mle shimoni, amekaa mgongo kwenye jiwe kama aliyepumzika. Hakuwa na jeraha wala dalili ya kupigwa. Na mtu akifa hivyo, watu husema nini? Walisema sumu. Walisema alikunywa uji kwa mkewe asubuhi ile. Hakuna aliyempeleka popote, hakuna aliyemshtaki, lakini ndugu wa mumewe, Gaspard, ambaye anaishi ng'ambo ya ua tu, hakumsalimia tena. Majirani hawakula tena chakula chake. Bintiye Sifa alipoolewa Goma, mama mzazi alikaa kwenye kiti cha nyuma kabisa.

"Minasikiaka chukudu yake," akaniambia. "Inapita nyuma ya nyumba. Batu banasema usijibu mufu. Donc sijibu." Akanyoosha kitenge begani kwangu. "Alikuambia nini? Usinifiche."

"Aliniambia nisimame. Akasema yeye pia alisema kidogo."

Akafunika mdomo kwa mkono. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikwenda tu, kana kwamba yalikuwa yameombewa ruhusa muda mrefu na leo imetoka.

Nilikuwa nimempigia Fiston simu. Akaja na pikipiki, amevaa viatu viwili visivyolingana kwa haraka. Nikamweleza mahali nilipokaa, magoti, jiwe, kupumua kwa shida. Hakucheka safari hii.

"Mazuku," akasema.

Wewe wa mbali labda hujui neno hilo. Kule Goma kila mtoto analijua. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, huku kwetu kwenye mlima wa moto. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito, kwa hiyo hulala mashimoni, hasa asubuhi ambayo upepo haujaanza. Ukipita umesimama unaweza usijue. Ukikaa chini, au ukipiga magoti kusikiliza chuma, unainywa.

"Watu wa hapa hawaijui?" nikauliza.

"Banaijua ya Goma. Hapa kwabo hakuna mutu aliwaza."

Mama Sifa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Unaweza kuonyesha batu?" akamuuliza Fiston. "Sasa hivi. Kabla upepo."

Tukarudi. Nyuma yetu watu wakazidi kuongezeka, unajua habari zinavyokimbia mashambani. Gaspard naye alikuja, mikono nyuma, uso umefungwa. Fiston akakata mti mrefu, akafunga nyasi kavu kwenye ncha, akaziwasha. Moto ulikuwa mkubwa, unavuma. Akasimama juu kwenye ukingo, akaushusha taratibu kuelekea lile jiwe nililoegemea.

Moto ukafika kimo cha kiuno cha mtu, ukazimika. Haukufifia, ulizimika tu, kama umefinywa na vidole.

Akauwasha upya, akaushusha tena. Palepale ukazimika. Baiskeli yangu ilikuwa imesimama karibu, na kwenye nyasi kando yake sasa nikawaona ndege wengine, na panya, na kinyonga aliyekuwa bado amelishika tawi lake. Hakukuwa na chukudu, wala alama ya gurudumu jingine kwenye udongo ule laini ila la kwangu.

Gaspard akaomba ule mti. Akauwasha kwa mkono wake mwenyewe, akaushusha mwenyewe, akatazama ukizimika. Akavua kofia. Akasimama hivyo muda mrefu, anatazama jiwe. Kisha akamgeukia shemeji yake mbele ya watu wote. Akalibeba kichwani lile beseni la karoti ambalo Mama Sifa alikuwa ameliacha njiani, mwanamume mzima wa heshima, akaanza kuteremka nalo. Mama Sifa akamfuata nyuma, hakumharakisha.

Baiskeli tuliivuta kwa kamba baada ya jua kutoka na upepo kuanza. Mama nilimkuta mlangoni, chai imepoa, mkate uko palepale. Nilikula naye bila kumweleza. Nilimweleza jioni, akanishika mkono asiuachie.

Sasa naendesha tena, na hata njia ile napita. Hakuna kinacholia nyuma yangu. Ningekudanganya nikisema ninafurahi, kuna vilima ambavyo sasa ni virefu zaidi. Nyumbani sivumilii kimya. Nalala redio ikiwa wazi, na mama amezoea. Na mahali pakiwa patulivu sana, pazuri sana, mwili ukianza kuniambia nikae, moyo hunipiga mpaka nisimame. Madaktari walisema mapafu yangu hayana kitu. Sikuwaeleza habari ya buti.

Ukija huku kwetu kutembea, utakutana na uzio wa miti kwenye kona moja kabla ya Busasamana. Gaspard aliujenga, na kila mvua ikiulegeza huja kuukaza. Wageni huuruka, kwa sababu shimo lile linapendeza kwenye picha, nyasi zake mbichi, mawe yake meusi. Nakuomba usiuruke. Na popote pengine karibu na mlima huu, asubuhi ya ukungu, ukiona bonde dogo lisilo na upepo na ndege amelala chini, usishuke, hata kama umechoka, hata kama baiskeli inalia. Ipeleke ikalie barabarani.